Mkate wa Kopo Dogo

Kila alfajiri Chiriku aliamshwa na harufu ya mkate. Baba yake alikuwa mwoka mikate, na tanuri lake la matofali liliegemea ukuta wa chumba alicholala binti huyo. Kabla ya kwenda shule, Chiriku alipaka mafuta makopo ya kuokea, akapanga mikate ya moto mezani, kisha akaandaa chai. Jina lake alilipata kwa sababu ya mdomo usiojua kupumzika. Lakini tangu binamu yake aje kukaa nao, mdomo huo ulikuwa umenuna.

Binamu huyo, mtoto wa shangazi, aliletwa kwa sababu ya tumbo. Kwao alizoea mkate mweupe, biskuti na soda, akawa anakaa siku nyingi bila kupata choo, na akikipata hulia. Muuguzi wa zahanati alishauri apewe vyakula vyenye nyuzinyuzi: nafaka zisizokobolewa, maharagwe, mboga za majani na matunda, pamoja na maji ya kutosha. Basi mwoka mikate akatafuta unga wa ngano wenye pumba zake, akawa anamwokea mkate wake peke yake katika kopo dogo.

Hapo ndipo wivu ulipomwuma Chiriku. Kopo lile lilikuwa lake. Alipokuwa mdogo, baba alimwokea humo kimkate chake kabla ya mikate ya wateja. Alipokua, kopo likatundikwa ukutani, naye akaliona kama cheo chake. Sasa lilishushwa kwa ajili ya mtoto wa mwingine. Baba aliukata mkate ule kwa mkono wake, kisha akakaa na mgeni mpaka amalize maji kikombeni. Chiriku alitazama, roho ikimchemka kama sufuria iliyofunikwa.

Asubuhi moja baba alitoka mapema kupeleka mikate madukani. Chiriku akaweka mkate mweupe mbele ya binamu yake.

"Baba amesema umepona," alisema. "Kuanzia leo unakula kama sisi."

"Mjomba hakuniambia."

"Mjomba wako ana mambo mengi. Au unataka kuhudumiwa kama bibi harusi mpaka uzeeke?"

Mgeni hana ubishi. Binamu akala. Kwa kuwa aliambiwa amepona, na mboga nazo akaanza kuzisukuma pembeni ya sahani, kama alivyomwona Chiriku akifanya.

Mkate wa kopo dogo Chiriku aliula nyuma ya rundo la kuni. Alitarajia utamu wa ajabu, akakuta kitu kizito kinachokwaruza koo, kisichoshuka bila maji mengi. Hata hivyo hakuuacha. Siku hizo baba alitoka mapema kila asubuhi, naye akaendelea kuubadilisha. Mwanzoni tumbo lilinguruma, na darasani wenzake wakawa wanagombea kukaa dirishani. Kisha asubuhi moja akaingia chooni na kutoka upesi hata mama yake akamwuliza kama ameona nyoka. Siku zote mama alilazimika kuugonga mlango ule kwa ngumi ndipo binti atoke.

Binamu naye alizidi kunywea. Siku moja alikutwa amejikunja bombani, ameshika tumbo. Mwoka mikate akampeleka zahanati. Muuguzi alipouliza mtoto anakula nini, mjomba mtu akajibu kwa fahari kwamba anakula mkate wa pumba kila siku, ameuoka yeye mwenyewe. Muuguzi akaingiwa na hofu kwamba huenda kuna ugonjwa mwingine umejificha, akaagiza apelekwe hospitali kubwa.

Jioni ile Chiriku alimkuta binamu yake akikunja nguo zake. Alichokitamani siku zote sasa kilikuwa mbele yake: mgeni anaondoka.

"Unadhani watanipasua?" binamu aliuliza taratibu.

Chiriku alimshika mkono, akamvuta mpaka kwa baba yake, akaeleza yote: uongo, rundo la kuni, hata habari za chooni.

Asubuhi mwoka mikate aliwachukua wote wawili kwa muuguzi, na safari hii akamwacha mgonjwa ajibu mwenyewe. Muuguzi akampima tena, akampa dawa ya kulainisha choo, akasema warudie kwanza chakula kile, polepole na kwa maji mengi. Safari ya hospitali ingoje.

Haikuhitajika. Baada ya muda binamu akaanza tena kuruka kamba uani, na mezani mkate wa pumba ukawa wa watu wote.

"Mimi nina kosa langu," mwoka mikate aliwaambia siku ya kwanza walipoula pamoja. "Nilifanya chakula bora kuwa cha mgonjwa, wazima tukabaki kusubiri zamu yetu ya kuugua. Tumbo halijui nani anapendwa zaidi nyumbani. Linajua tu kilichoingia." Kisha akamgeukia binti yake. "Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema apone kwa kumwibia mgeni. Ukiona unapungukiwa na upendo wangu, njoo uniambie mimi. Usimlipishe mwenzako kwa afya yake."

Chiriku aliinamisha kichwa. Kisha akachukua bakuli la mboga, akampakulia binamu yake, na zilizobaki akajipakulia mwenyewe.