Ukurasa wa Tisa wa Magoti Mekundu

Basi la Fresno lilikuwa limeshaanza kutoka kituoni San Jose pale Corinne Ybarra alipolipiga ubavuni kwa ubao wake wa magurudumu. Dereva akasimama, akafungua mlango bila kumtazama. Ilikuwa Ijumaa, mwaka 1989, watu wamejazana kama siku ya mnada. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja tu, kando ya jamaa mwenye shati la maua lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

"Umeliumiza basi la watu," jamaa alisema.

"Lilitaka kuniacha."

"Kwa hiyo kila anayetaka kukuacha unamtwanga ubao?"

"Jaribu uone."

Jamaa alicheka vizuri, kwa mabega. Jina lake Dale Okimoto, miaka ishirini na sita, kwao wakulima wa pichi. Corinne alikuwa na jinzi iliyochanika magotini, soksi mbili zisizojuana na nywele zilizonyolewa upande mmoja, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akatamani angekuwa amechana huo upande wa pili.

Katikati ya miguu yake palikuwa na begi, na ndani ya begi nakala arobaini za *Magoti Mekundu*, toleo la nne. Kijarida hicho alikitengeneza yeye na rafiki yake Jodeen mezani jikoni, kwa mkasi, gundi na mashine ya kopi ya dukani, kwa ajili ya wasichana wanaoteleza kwa mbao. Magazeti makubwa yaliwapiga picha wasichana wakiwa wamewashikia wavulana mbao zao, basi.

Alikuwa ameshafungua zipu ampe nakala moja, ajisifu kidogo, pale Dale aliposema, "Hata mimi niliwahi kuteleza. Nikaacha."

"Kwa nini?"

"Utanicheka."

"Sikucheki, bwana. Sema."

"Nilianza nimeshazeeka. Watoto wa kule wananizomea. Kuna kijarida kimoja cha wasichana, ndicho pekee kilichokuwa kinaeleza namna ya kuanguka. Nikawaandikia nikawauliza, nyinyi mnaangukaje mbele za watu bila kuona haya? Chini nikaandika, tafadhali ibaki kati yetu." Akatazama dirishani. "Wakaichapisha na mwandiko wangu. Wakanichora mtu mzima kavaa nepi. Duka la mbao za kuteleza pale Fresno wakaubandika ukurasa ukutani. Kila mtu anaujua mwandiko wangu, mimi ndiye ninayeandika bei kwenye masanduku ya pichi."

Corinne akafunga zipu polepole na kulisukuma begi kwa kisigino mpaka chini kabisa ya kiti. Ukurasa wa tisa, toleo lile lile la begini. Desturi ya vijarida vile ilikuwa kuchapisha kila barua iliyoingia kwenye sanduku la posta, na aliyeandika alijua. Lakini huyu aliomba. Mstari wake wa mwisho Corinne aliukata kwa mkasi, akauacha sakafuni pamoja na vipande vingine.

"Washenzi hao," alisema, na masikio yakamwaka moto.

Miezi mitano walipigiana simu kila Jumapili.

"Umekula nini, mpenzi?"

"Wali wa mama. Na wewe, mwanamke wa mabasi?"

"Sijala kitu. Nina njaa yako."

"Ongea vizuri, mama yuko hapa!"

Kila alipoweka simu chini, Corinne alikaa ukingoni mwa kitanda akijichukia. Mwisho akafanya alichokijua. Akamwandikia Dale ukurasa mzima wa kuomba radhi, akaubandika mbele kabisa ya toleo la tano, akaeleza kwamba mstari ule uliondolewa kwa kukosa nafasi. Alitoa kopi mia mbili, na ya kwanza akamtumia Dale.

Simu ililia siku ya Jumatano.

"Corinne. Mara ya kwanza ulikuwa hunijui."

"Dale, sikiliza, mpenzi..."

"Mara hii unanijua. Na bado umenichapisha bila kuniuliza."

Akakata.

"Si umeomba radhi? Anataka nini tena?" Jodeen alisema, huku anabandika stempu. Corinne alimpokonya zile bahasha. Themanini zilikuwa zimeshaondoka.

Jumamosi alipanda basi la Fresno, akamkuta Dale uani kwao, anapanga masanduku. Mama yake, Bibi Okimoto, akamtazama yule binti kuanzia soksi mpaka nywele, akaingia ndani.

"Sikuleta karatasi," Corinne alisema.

"Afadhali." Dale hakuacha kupanga. "Niambie kitu kimoja. Ule mstari uliukata kwa kukosa nafasi?"

Angeweza kusema ndiyo. Mdomo ulishafunguka.

"Nafasi ilikuwepo. Niliukata kwa sababu ulinizuia. Barua ilikuwa inachekesha, nikataka wasichana wacheke. Mimi nilicheka kuliko wote." Akatazama soksi zake. "Mimi wananizomea tangu nina miaka kumi na mbili, Dale. Nikapata na mimi mtu wa kumzomea."

Dale aliketi juu ya sanduku. Bibi Okimoto akachungulia dirishani.

"Inauma," akasema.

"Najua. Niondoke?"

"Sijasema uondoke. Shika upande huo. Hili ni zito."

Walioana mwaka 1992 katika ofisi ya wilaya, Fresno. Dale hakurudi kuteleza. Corinne aliendelea na kijarida mpaka toleo la kumi na tisa. Kila aliyeleta barua alimwandikia kwanza kuomba ruhusa, wengi hawakujibu, na kijarida kikawa chembamba. Jodeen alihamia Oregon, anauza vigae. Bibi Okimoto alifariki mwaka 2004. Duka lile la mbao lilifungwa. Toleo la nne limehifadhiwa na maktaba ya chuo kimoja, katika mkusanyo wa vijarida vya wanawake. Corinne aliwaandikia mara mbili waondoe ukurasa wa tisa. Walimjibu kwa adabu kwamba ni historia, hauwezi kukatwa. Dale hajaenda kuutazama.