Kaskazini ya Nuh

Basi la Lamu lilikuwa limetoka kushusha abiria, na vumbi la steji ya Garsen lilikuwa jingi hata mbuzi walipiga chafya kama binadamu. Ndipo akatokea Nuh, kijana wa Kiorma, mrefu kiasi kwamba kivuli chake kilifika kibandani kwa Mwanamize dakika nzima kabla yake. Kifuani alikumbatia kitu kilichofungwa kwa leso ya maua mekundu, akikikinga jua kwa kiganja.

Mwanamize, fundi wa simu na redio, mzaliwa wa Kipini, aliweka bisibisi chini. Mikono ya buibui aliikunja hadi viwikoni, na hina ilimeremeta kwenye vidole vyenye makovu ya kulehemu.

"Maskini, mlete kivulini. Mamake yuko wapi?"

"Mama ya nani?"

"Ya huyo uliyempakata."

Nuh akafunua leso. Ndani mlikuwa na mota, nene kama kopo la maziwa, waya zikining'inia. Mwanamize alicheka mpaka Qabale, muuza maziwa wa jirani, akaacha madumu yake akaja naye kumtazama mtoto.

"Cheka tu," Nuh alisema, na yeye tabasamu likimponyoka. "Hii ndio inageuza antena ya kufuata puto, kwa kituo yetu ya hali ya hewa. Kila Ijumaa tunarusha puto moja, inatuambia upepo na mvua za huko juu. Jana antena ilitetemeka kama mtu wa malaria, puto ikapotea. Zikipotea tatu, wakubwa wanahamisha mitambo, na mimi juu yake. Watu wa Idsowe kando ya Tana wakae wakingoja mto uwaambie wenyewe kwamba umefurika."

"Sasa mimi nifanyeje, nimbembeleze alale?"

"Nimeambiwa kuna fundi hapa alifufua redio ilikaa ndani ya Tana siku nne."

"Waongo hao. Ilikaa sita. Ilipotoka ilikuwa inawajua viboko wote kwa majina."

Aliifungua mota, akaiinamia kwa lenzi. Jasho lilipomchuruzika shavuni, Nuh alijikuta anampepea kwa kipande cha boksi bila kuombwa.

"Tazama," Mwanamize alisema. "Hii mota ya sevo ina waya wa kuipasha habari imefika wapi. Waya umekatika nusu. Inaambiwa geuka, inageuka, haijui imefika, inarudi, inakwenda tena. Ndiyo malaria yako hiyo."

Akaulehemu, akaiunga betri. Mota ikageuka, ikasimama pale ilipoambiwa, kimya kama bibi arusi. Nuh akaondoka nayo mbio, leso akaisahau mezani.

Jioni ile alipiga simu kushukuru. Jumapili alipiga kuuliza kama mota yaweza kushikwa na baridi. Jumatatu hakuwa na swali lolote.

"Sasa leo mgonjwa ni nani?" Mwanamize aliuliza.

"Leo ni mimi."

"Wewe sikulehemu, roho yangu. Utaungua."

"Si nimeshaungua?"

Mwanamize akakata simu upesi, akaificha leso ile kwenye droo kama mwizi, akabaki anatabasamia redio iliyokufa.

Ijumaa puto la pili likapotea.

Kesho yake asubuhi Nuh alikuja steji kutafuta mtandao. Hakujua kwamba pale aliposimama, chini ya mwarobaini, palikuwa mgongoni kwa kibanda cha Mwanamize. Mkubwa wake alifoka kwenye spika: nani aliifungua mota? Na Nuh, kwa hofu ya kibarua chake, akajibu kwa sauti: "Ni fundi wa sokoni, bosi. Nadhani ndiye ameiharibu."

Ndani ya kibanda Mwanamize na wateja wanne walisikia kila neno. Qabale akainyanyua taratibu redio yake aliyoileta itengenezwe. "Usinichukulie vibaya, mwanangu. Nitaipeleka Malindi tu." Na wale wengine wakakumbuka kwamba simu zao hazikuwa mbovu sana.

Wiki nzima Nuh alipiga simu, na wiki nzima Mwanamize aliitazama ikilia hadi ichoke. Jina lake la ufundi alilijenga miaka saba, skrubu moja moja. Aliyelibomoa alitumia pumzi moja.

Ijumaa ya tatu adhuhuri, Nuh alisimama mbele ya kibanda, macho chini.

"Nimeifungua mota jana. Ile waya yako ni nzima kabisa. Nilikosa, Mwanamize. Na puto ya mwisho ni leo baada ya alasiri, na sijui ugonjwa uko wapi."

Mwanamize alifunga droo kwa kishindo. "Nakuja kwa ajili ya kazi yangu. Wewe usinizoee."

Kituo kilipakana na msikiti. Mwanamize aliswali upande wa wanawake, akatoka akifunga viatu, akainua macho kuitazama antena. Akasimama. Akageuka kuutazama msikiti, kisha antena tena.

"Nuh. Hiyo antena ikipumzika yatakiwa itazame wapi?"

"Kaskazini. Hesabu zake zote zinaanzia hapo."

"Ulipoirudisha mota, kaskazini ulipimaje?"

"Kwa dira ya simu. Nilisimama hapo, chini ya tangi."

Tangi lenyewe lilikuwa jipya, la chuma, kubwa hata ng'ombe wawili wangeweza kuoana ndani.

"Sasa hivi umeswali ukielekea wapi?"

"Kibla, si…"

"Na kibla kwetu Garsen ni upande gani wa dunia?"

Nuh akaugeukia msikiti, akajishika kichwa.

"Ni kaskazini, bwana we. Wewe unaswali kaskazini, antena yako inaswali kichinjioni! Chuma cha tangi kimeivuta dira, nawe ukaja kunitia mimi ubovu."

Wakalegeza skrubu pamoja, wakailinganisha antena na ukuta wa msikiti. Puto jeupe likaachiliwa, likapanda, na antena ikageuka nalo taratibu kama shingo ya twiga. Puto likawa punje, likatoweka machoni. Tarakimu kwenye kompyuta zikaendelea kumiminika. Nuh alitokwa na machozi, akasingizia vumbi.

"Twende," Mwanamize alisema. "Pale pale uliposimama. Na spika wazi."

Chini ya mwarobaini, mbele ya wauza maziwa wote, Nuh akapiga simu.

"Bosi, puto tumeipata mpaka mwisho. Ile ya juzi nilikosea mimi, kaskazini yangu ilikuwa mbovu. Fundi nilimsingizia. Bila yeye tungefunga kituo."

"Anaitwa nani huyo fundi?"

"Mwanamize. Na bosi, naomba likizo ya siku tatu."

"Ya nini?"

"Kwenda Kipini na wazee wangu."

Kondakta mmoja aliyekuwa akiita abiria wa Hola akaliacha basi lake, akasogea kusikiliza. Qabale aliirudisha redio yake mezani kwa Mwanamize, akaisukuma kwa kidole.

"Nani kakwambia Kipini unakaribishwa?" Mwanamize aliuliza, lakini sauti ilimtetemeka kama ile mota.

"Nimeomba likizo tu. Jibu sijaomba bado."

Mwanamize aliingia kibandani, akavuta droo, akatoka na leso ya maua mekundu, imefuliwa na kupigwa pasi. Nuh akanyoosha mkono. Mwanamize akairudisha kifuani kwake.

"Hii si ya mamako?"

"Ni yake."

"Basi wewe sikupi. Mwambie aje aichukue mwenyewe, Kipini."