Chai ya Baridi ya Julai

Ulimitambo, mtambo wa kuonja chai, ulivuta kikombe, fyuuu! Ukaizungusha kwenye mdomo wake wa silikoni, ukaitema ndooni, ukatangaza daraja. Sekunde mbili, kikombe kimekwisha. Na ile kelele ya kuvuta, jamani, ilikuwa ya Titho Luvanda mwenyewe. Miaka mitatu alionja chai na kinasa sauti kimebandikwa tayani, mtambo ukijifunza kwake.

Waonjaji wa kiwanda hiki cha Mufindi walikuwa kumi na mmoja. Kampuni ikapunguza, ikapunguza, akabaki yeye. Sasa kiwanda kimoja cha Njombe kilikuwa kimemwita kazini, na alitakiwa ajibu kabla ya saa sita mchana.

"Baba Neema, unangoja nini?" mkewe alimfokea kwenye simu ya sikioni. "Hao watakufukuza tu. Ondoka leo!"

"Nitaondoka. Ila siwezi kutoka kama mwizi, mama. Lazima nikabidhi ofisi."

"Ukabidhi nini? Wenzako kumi walikabidhi, nani aliwashukuru?"

Hakumsikiliza. Ndivyo alivyolelewa, na ustaarabu wake huo ndio uliommaliza.

Meneja, Bi Chengula, alimpokea kwa tabasamu alipokwenda kuaga na kukabidhi. "Kuna kitu kimoja tu mtambo haujashika, kaka Luvanda. Chai ya Julai, majani yakishapigwa na baridi. Kila mwaka unakosea."

Titho alikijua. Ni harufu, nayo huja baada ya kutema. Ukikimbilia kikombe kingine huipati. Alionja vikombe sita, akitulia baada ya kila kimoja, kinasa kikinakili pumzi zake. Cha saba mtambo ulionja wenyewe. Ukatema. Ukatulia. Ukapatia! Bi Chengula akapiga makofi.

Saa tano na nusu Titho akapiga simu Njombe. "Nakubali kazi, dada."

Yule dada akashusha sauti. "Samahani sana, kaka. Tulikutaka kwa ajili ya chai ya Julai tu. Sasa hivi tumetangaziwa kwamba mtambo wenu umeiweza. Wakubwa wameamua kuukodi."

Saa kumi wakamuaga. Keki, hotuba, saa ya ukutani. Akapewa kikombe cha chai. Mazoea hayamwachi mtu: akavuta, fyuuu!

Karani mpya wa utumishi, ambaye hakuwahi kumwona mwonjaji hata mmoja, aliangua kicheko. "Hee! Mmesikia? Huyu baba anauigiza mtambo! Kaupatia kabisa!"

Wote wakacheka, na Bi Chengula naye. Titho alitafuta ndoo ya kutemea, hakuiona. Akameza.