Baridi ya Ukingo wa Empakaai

"Usianze na blanketi, Germana. Hapo ndipo wengi wanapokosea."

Remigius alilichukua lile blanketi zito mikononi mwa mchumba wake, akalirudisha kwenye rafu. Walikuwa ndani ya duka la Germana pale Karatu mjini, duka la kukodisha vifaa vya kambi. Kati ya nguzo mbili walikuwa wamefunga hamoki, kile kitanda cha kitambaa kinachoning'inia, ambacho wageni wa siku hizi wanakitaka badala ya hema. Wiki inayofuata Remigius alikuwa na wageni sita wa kulala ukingoni mwa kreta ya Empakaai, tena Julai, mwezi ambao ukungu wa kule humfuata mtu mpaka ndani ya mifupa.

"Sasa nianze na nini?"

"Duveti la chini. Hili linafungwa kwa nje, chini ya hamoki. Mtu akilala ndani ya begi la kulalia, manyoya yaliyo chini yake yanabonyea, joto linakwisha, upepo unampiga mgongoni. Baridi ya hamoki inatoka chini."

"Hata akivaa masweta matatu?"

"Hata manne. Duveti la chini kwanza, halafu begi la kulalia, halafu soksi za sufu na mzula kichwani. Nguo za pamba usimpe mtu kabisa. Zikishanyonya jasho zinamgandisha."

Germana alimsikiliza kwa raha. Alimpenda sana mwanaume huyu, na alimpenda zaidi akiwa anaeleza kazi yake. Jumamosi wazee wa Remigius wangekwenda Daa, nyumbani kwa kaka yake Germana, kupeleka barua ya posa, na kwa upande wake moyo ulikuwa umeshahamia kwa Remigius siku nyingi.

"Na mtu akilikosa hilo duveti, inakuwaje?"

"Anatetemeka. Akiacha kutetemeka, ujue mambo yameharibika. Ulimi unakuwa mzito, anapepesuka, anaropoka. Wengine wanavua hata koti, wanadai wanasikia joto. Kama hujafundishwa, utasema huyu mtu ka..."

Akaigeukia rafu.

"Utasema kafanya nini, Remi?"

"Basi tu. Tuangalie maturubai."

"Utasema kalewa," Germana alimmalizia, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Alimkumbuka kaka yake, Silvanus, ambaye ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki. Julai ya mwaka jana Silvanus alikuwa mpishi wa safari huko huko Empakaai, kiongozi wa safari akiwa Remigius. Asubuhi walimkuta anatambaa kwenye nyasi zenye umande, koti kalitupa, maneno hayashikiki. Taarifa ya kampuni ikasema alikuwa amelewa. Alikatwa vidole viwili vya mguu vilivyokufa kwa baridi, akafukuzwa kazi, na parokiani akavuliwa uongozi wa kwaya. Mtu ambaye hata pombe ya harusi hakuwahi kuionja! Mkewe, Eva, mpaka leo alikuwa akimnusa mdomo kila anaporudi nyumbani. Silvanus mwenyewe hakukumbuka kitu cha usiku ule, na siku za karibuni alikuwa ameanza kusema, "Labda nilikunywa, Germana. Mimi sijui tena."

"Nani aliandika ile taarifa?"

"Germana, mpenzi..."

"Nimekuuliza nani."

"Mimi."

"Ulijua hakulewa?"

"Siku ile sikujua, naapa. Nilimwona anapepesuka, nikaamini kalewa. Nimekuja kujua Februari, kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza Arusha. Mwalimu alipotaja zile dalili nilitoka nje nikakaa chini."

"Februari. Na huu ni Julai."

Germana hakumpa nafasi ya kujitetea.

"Na duveti lake? Kaka ni mtu makini, asingesahau kulifunga."

"Alilifunga." Alisema polepole. "Mgeni mmoja alilalamika baridi. Silvanus alikuwa bado anaosha vyombo. Nikalifungua la kwake nikampa mgeni. Nilisema nitamwambia, shughuli zikanizidi, nikasahau. Akapanda kwenye hamoki gizani, hajui."

Germana alijishikilia kwenye nguzo. Machozi yalikuwa karibu, lakini hasira ilitangulia.

"Ulipokuwa unakuja hospitalini na machungwa yako, ulikuwa unanipenda au ulikuwa unatuliza dhamiri?"

"Mwanzoni ilikuwa dhamiri, kwa ajili ya lile duveti. Sitakudanganya. Baadaye nikawa nakuja kwa sababu yako. Na nilipoujua ukweli wote, nikaogopa nitakupoteza."

"Kwa hiyo ukaona bora kaka yangu aendelee kuitwa mlevi."

"Germana..."

"Toka dukani kwangu."

Akatoka. Alhamisi mchana ujumbe wake ukaingia kwenye simu ya Germana:

*Nimeandika taarifa mpya ya kweli, nimeipeleka ofisini. Wamenisimamisha kazi. Nisamehe.*

Germana aliusoma mara tatu. Akajibu:

*Ofisi haikukatwa vidole. Njoo Daa Jumamosi, useme mbele ya kaka kabla barua haijafunguliwa.*

Haikupita dakika, simu ikaita.

"Nikisema, Germana, utakubali nikuoe?"

"Kama unasema ili nikubali, usije."

Akakata. Kisha akalia peke yake, maana alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Jumamosi saa nne asubuhi wageni walifika Daa. Remigius alikuja na baba yake mkubwa, Josephati, na wazee wengine wawili waliovaa makoti yao ya heshima. Silvanus aliwapokea mlangoni akichechemea, akawakalisha sebuleni. Eva alikuwa jikoni na chai. Germana alisimama karibu na mlango wa jikoni.

Mzee Josephati alikuwa ameshatoa bahasha mfukoni Remigius alipoinuka.

"Baba mkubwa, naomba kwanza niseme neno."

"Kijana, kaa. Leo wewe huna zamu ya kusema."

"Nisiposema sasa, hiyo barua ni uongo." Akamgeukia Silvanus. "Kaka Silvanus, mwaka jana Empakaai hukulewa. Ilikuwa baridi. Baridi ikimzidi mtu anakuwa kama mlevi. Na mimi ndiye niliyekufungulia duveti lako nikampa mgeni, sikukwambia. Mimi ndiye niliyeandika kwamba ulikunywa. Tangu Februari nimejua si kweli, nikanyamaza."

Wale wazee wawili walitazamana. Mzee Josephati alianza kuirudisha bahasha mfukoni taratibu.

Germana alimtazama kaka yake, akingoja ainuke ampige. Alikuwa na haki hiyo. Lakini Silvanus aliuliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo sikunywa?"

"Hukunywa, kaka."

"Hata kidogo?"

"Hata tone."

"Eva!" Silvanus aliita, na sauti yake ilipasuka. "Eva, acha chai, njoo hapa! Njoo usikie! Rudia, Remigius. Mwambie mke wangu."

Remigius akarudia yote, neno kwa neno, huku machozi yanamtoka. Eva alisikiliza akiwa amesimama na birika mkononi. Aliposikia mwisho akaliweka birika chini, akaenda kukaa karibu kabisa na mumewe.

"Mwaka mzima, baba Beatrice," alisema akilia. "Mwaka mzima nimekunusa mdomo, na watoto wanaona."

"Ningekuwa wewe, hata mimi ningenusa, mama. Mimi mwenyewe nilikuwa sijiamini."

Mzee Josephati akasimama.

"Silvanus, ndugu yangu, tumeaibika. Tunaondoka na barua yetu."

"Kaa, mzee. Barua iache hapo mezani, wala sitaifungua leo." Silvanus alipangusa uso kwa kiganja. "Kuhusu jina langu, amesema nyumbani kwangu, bado kanisani walikonivua uongozi. Akamalize huko. Nilikuwa nimemchukia mtu mwingine kabisa, nilikuwa najichukia mwenyewe. Kumchukia huyu itabidi nianze upya, na sina nguvu hiyo. Kuhusu kuoa, anayejibu si mimi."

Wote wakamgeukia Germana.

"Kamalize kwanza," alisema. "Halafu uje wewe peke yako, bila wazee, uniulize upya."

Jumapili, baada ya misa, padri alimruhusu Remigius asimame mbele. Alisema yote, hakupunguza wala kujitetea. Wengine waliguna, mama mmoja wa kwaya alitoka nje kwa hasira. Remigius alibaki amesimama mpaka guno la mwisho lilipokwisha.

Alasiri akaja Daa kwa miguu. Alimkuta Germana anapukuchua mahindi uani.

"Sina kazi, Germana. Nusu ya parokia hainisalimii. Sina cha kukuahidi kama mwanzo."

"Uliza."

"Utakubali nikuoe?"

Germana aliliweka gunzi chini. Alimtazama usoni mpaka yule kijana akainamisha macho.

"Niangalie, Remi. Mara ya kwanza uliponiuliza, nilimkubali mtu nisiyemjua. Nilimpenda na alikuwa ananificha kitu kila siku. Huyu aliyesimama jana mbele ya kaka, na leo mbele ya watu wote, huyu namjua. Ananiuma, lakini namjua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ingia ndani umwambie kaka aifungue barua."