Pumzi Kabla ya Nyumbani

Jumamosi hiyo mapokezi ya shule yalijaa watu mpaka vioo vya madirisha vikatoka jasho. Watoto walibeba masanduku ya fidla mgongoni kama kobe, wazazi walikumbatia makoti yao, na foleni ilizunguka nguzo mara mbili ikarudi mlangoni. Katikati ya msongamano huo fundi bomba mmoja, mjane wa karibu mwaka mzima, alichomwa na pini begani.

Aligeuka. Nyuma yake alisimama mwanamke mrefu, kilemba cha rangi ya chungwa kichwani, koti la zambarau limemkaa kama alizaliwa nalo, na ukosini pini kumi na kitu zimepangana kama meno ya samaki.

"Samahani kaka, nimesukumwa," alisema. Kisha akamtazama kama anayekagua mzigo. "Lakini na wewe bega lako la kulia limeshuka. Hilo koti nani alikushonea?"

"Nilinunua dukani."

"Ndiyo maana. Dukani wanamshonea mtu ambaye hajazaliwa bado."

Fundi hakucheka, ila bega alilipandisha. Foleni haikusogea, kwa hiyo waliongea. Mwanamke alikuwa fundi cherehani, ndiye aliyepewa kazi ya kushona majoho ya tamasha, na alikuja kwa ajili ya mtoto wa kaka yake. Hapo shuleni wakubwa kwa wadogo walimwita Shangazi. Fundi akamwambia ana binti wa miaka minane ambaye kila mtu anamwita Chiriku, kwa sababu mdomo haukuwa ukipumzika. Alisema "haukuwa", na Shangazi alilisikia hilo lakini hakuuliza. Alisema tu kwamba fundi hamsifu fundi mwenzake, basi wasitarajiane sifa.

Shule ile ilikuwa ya muziki. Hesabu zilipigwa makofi, kusoma kuliimbwa, na kila Jumamosi kulikuwa na darasa la jamii: baba, bibi, jirani, mwokaji mikate wa kona, wote walikuja kujifunza pamoja na watoto. Na kulikuwa na sheria moja. Mtoto atakayeimba kwenye tamasha la majira ya baridi lazima awe na mtu mzima wa nyumbani kwake wa kuimba naye wimbo wa mwisho. Huna mtu mzima, huimbi.

Kwa miaka mitatu mtu huyo alikuwa mke wa fundi. Mwaka uliopita aliimba akiwa na kifua kibovu, ndani ya ukumbi usio na joto, bila koti, kwa sababu mgeni rasmi kutoka ofisi ya elimu alikuwa amefika na Mkuu wa shule alitaka majoho yaonekane. Wiki mbili baadaye alizikwa.

Fundi alikuwa na orodha ya waliomwua mkewe, na orodha hiyo aliijua kuliko sala: Mkuu, mgeni rasmi, daktari aliyesema warudi Jumatatu, na yule wa ofisini aliyekataa kazi ya bure. Maana pampu ya kusukuma maji ya moto kwenye mabomba ya ukumbi ilikuwa na ukubwa wa mkate tu. Fundi alijitolea kuibadilisha kwa mikono yake. Wakamwambia kazi hiyo ina mkandarasi wake. Mkandarasi huyo mpaka leo hakuna aliyemwona hata kivuli. Mwenye koti hamjui mwenye baridi, na wakubwa wote wana makoti.

Aliapa asikanyage tena pale. Lakini Chiriku alipoambiwa kwamba mwaka huu hakuna wa kusimama naye, hakulia. Alisema, "Basi sitaimba," na baada ya hapo hakusema lolote kwa siku tisa. Nyumba yenye Chiriku aliyenyamaza inatisha. Siku ya kumi fundi alichukua koti lake.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mtu mfupi mwenye uma wa chuma wa kutafutia sauti, aliougonga gotini na kuuweka sikioni. Njia yake ilikuwa moja. Aliwasimamisha watu wawili wawili, vipaji vya nyuso karibu vigusane, waimbe sauti moja midomo imefumbwa mpaka sauti zao zikae pamoja.

"Zikikaa barabara mtasikia ya tatu juu yenu," alisema. "Haina mwenyewe. Ni hewa tu. Msiogope."

Watu walicheka. Fundi akapangwa na Shangazi.

Mwanzo sauti zao zilikwaruzana kama bomba na koki zisizolingana nyuzi za kukazia. Shangazi alifumba macho, akashusha kidogo, fundi akapandisha. Zikakaa. Na juu, karibu na taa za dari, sauti ya tatu ikaja, nyembamba, safi, kama uzi unaovutwa. Fundi akainua uso. Sauti ile aliijua. Ilikuwa imeimba miaka kumi na mmoja mbele ya sinki la jikoni kwake.

Walipoingia wimbo wa kufungia tamasha, wenye mstari *Taa imewashwa, njooni nyumbani*, sauti ile iliwafuata. Kabla ya neno la mwisho ilikatika, ikavuta pumzi fupi, ikamalizia. Marehemu alikuwa akivuta pumzi hapohapo, kila mara, na Mwalimu alikuwa akimkemea kila mara.

Hewa haivuti pumzi.

Tangu siku hiyo fundi akaanza kunyoa ndevu Ijumaa. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alimpigia Shangazi simu akitoka kazini, na Shangazi naye akaanza kuweka chakula jikoni mapema ili simu isimkute na mikono ya unga. Walitaniana. Shangazi alimwita Bwana Koki. Fundi akamwita Mama Pini. Shangazi alimshonea koti jipya, bega la kulia limenyanyuliwa kwa pamba kidogo, na siku ya kumjaribisha alilainisha kitambaa kwa kiganja muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Chiriku akarudi kuongea, akaongea mpaka mtoto wa kaka yake Shangazi akaomba ahamishwe kiti.

Jambo moja tu lilimshangaza Shangazi. Kila wakipigiana simu, hata maongezi yawe matamu vipi, mwishoni fundi angesema, "Hebu tuimbe kidogo." Akajiambia kila mwanamume ana ugonjwa wake, na huu si mbaya kama mingine aliyoijua. Mumewe wa zamani alimwacha kwa ujumbe wa simu wenye maneno sita.

Jioni moja alikuwa akipinda joho, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Waliimba polepole. Sauti zikakaa. Ndipo ndani ya simu, wazi kabisa, mwanamke akaingia.

Shangazi akanyamaza. Mwanamke yule akaendelea kidogo, kisha naye akanyamaza, kama mtu aliyekutwa.

"Nani huyo?" Shangazi aliuliza.

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Uko naye hapo?"

Fundi angesema hakuna mtu, na ingekuwa kweli. Lakini hakuweza kumkana. Na zaidi ya hapo alifurahi, Mungu amsamehe; kwa wiki sita alidhani anarukwa na akili peke yake.

"Umemsikia," alisema, na furaha ilimtoka mdomoni kabla hajaizuia. "Na wewe umemsikia."

"Nimemsikia. Mwambie nawatakia jioni njema."

Simu ikakatika. Alipopiga tena haikupatikana, wala kesho yake.

Jumamosi Shangazi alihamia upande wa mabibi. Mwalimu akampanga fundi na mwokaji mikate, kisha na jirani mmoja, kisha akaimba naye mwenyewe. Sauti zilikaa vizuri. Ya tatu ilikuja, lakini ilikuwa hewa kweli, haina mtu ndani. Fundi akarudi nyumbani akaimba jikoni, akisubiri kila mwisho wa mstari.

Ni Chiriku aliyefumua mambo, tena bila kukusudia. Alipokuwa akipimwa joho alimweleza Shangazi kwamba nyumbani kwao wako wawili tu, yeye na baba, na kwamba siku hizi baba anaimba peke yake jikoni halafu anatega sikio kama anayesubiri kuitikiwa, na kwamba hata mama, kabla hajafa, alikuwa anapenda kuimba jikoni. Shangazi alishika tepu ya kupimia, akasahau alikuwa anapima nini. Kuibiwa mwanamume na jirani ni jambo la dunia. Hili lilimpa baridi ya namna nyingine.

Fundi alipokuja kuchukua joho, alimkuta amekaa nyuma ya cherehani, hakuinuka.

"Ni mama yake, siyo?"

"Ndiye."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Basi niambie. Ulikuwa unanipigia mimi simu, au unampigia yeye kwa kupitia kwangu?"

Fundi alitazama vitambaa sakafuni.

"Umenifanya bomba," Shangazi alisema taratibu. "Maji yanamfikia mwenyewe, bomba linabaki na kutu."

Akaanza kujitetea, na kama kawaida yake akajitetea kwa orodha. Akamtaja Mkuu, akamtaja mgeni rasmi, akamtaja daktari na Jumatatu yake, pampu na mkandarasi. Shangazi alimwacha afike mwisho.

"Hao nimewasikia," alisema. "Siku ile wewe ulikuwa wapi?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hilo.

"Safu ya tatu," alisema. "Koti lake nilikuwa nimelipakata mimi. Nilimwona anatetemeka. Nililipakata mpaka wimbo ukaisha."

"Hukusimama."

"Mkuu alisema wazazi wabaki wamekaa."

Shangazi alikunja joho, akalifunga kwa karatasi, akampa. Alisema ataimba naye siku ya tamasha, kwa kuwa Mwalimu amezirudisha jozi za mwanzo na watoto hawana kosa. Baada ya hapo asimpigie.

Siku ya tamasha mawingu yalishuka mpaka kwenye mapaa. Saa tisa alasiri taa zilikuwa zimeshawashwa. Jukwaa lilipakwa rangi mpya, maua ya plastiki yalipangwa mbele ya kiti cha mgeni rasmi, na mabomba ya joto yalikuwa ya baridi kama mwaka jana. Mgeni rasmi alichelewa dakika hamsini, akaingia na koti lenye manyoya shingoni. Mkuu akapiga makofi mawili: makoti yavuliwe, majoho yaonekane. Majoho yalikuwa mepesi; Shangazi aliomba kitambaa cha ndani akanyimwa. Tangu Alhamisi alikuwa akikohoa.

Watoto wakapiga fidla, vidole vyekundu. Wakaimba. Kisha ukaja wimbo wa mwisho, wakubwa na wadogo pamoja, na vinywa vyote jukwaani vikatoa mvuke mweupe.

Sauti ya tatu haikungoja. Ilikuja kubwa kuliko siku zote, na ubeti wa kwanza ulipoisha fundi akatambua kwamba haiko tena darini. Ilikuwa inashuka. Ubeti wa pili ilikuwa usawa wa vichwa. Wa tatu ilikuwa katikati yao wawili, na ubaridi wake ulikuwa kama wa mlango uliofunguliwa na mtu. Mstari mmoja tu ubaki, alijua, neno moja lifikiwe, na akigeuza shingo atamwona mkewe.

Akageuza shingo. Akamwona Shangazi. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu, sauti yake imekonda kama kuna anayeinywa, na katika watu wote jukwaani ni kinywa chake tu ambacho hakikutoa mvuke. Mvuke mdogo ulikuwa pembeni yake, mahali pasipo na mtu, ukitoka na kurudi, ukitoka na kurudi.

Fundi akaacha kuimba.

Akashuka jukwaani, viatu vinagonga mbao. Mkuu alimwonyesha kidole arudi. Mgeni rasmi akageuka na manyoya yake. Fundi alipita mbele ya magoti ya watu, akalipata koti la zambarau kwenye kiti, akapanda tena. Mkuu alikuwa amesogea mpaka ukingoni.

"Baba Chiriku, wazazi wabaki mahali pao," alinong'ona.

"Mahali pangu ni hapa."

Akamvika Shangazi. Alikuwa akihangaika na kifungo cha pili wakati kwaya inaingia kwenye mstari wa mwisho, na neno lenyewe likapita juu ya kichwa chake. Alipomaliza cha chini kabisa, mvuke mkubwa ulimtoka Shangazi kinywani, ukafuatwa na kikohozi, na rangi ikaanza kumrudia mashavuni. Chini ukumbini mwokaji mikate alikuwa amesimama na koti dogo mkononi. Kisha bibi mmoja. Kisha safu nzima, watu wanapanda jukwaani kuwavika watoto wao, na Mkuu anasema kaeni, kaeni, mpaka akachoka. Hotuba ya mgeni rasmi haikusomwa.

Walitoka pamoja bila kupanga. Chiriku na mwenzake walitangulia, Chiriku anaongea, mwenzake amekubali yaishe. Barabara ilikuwa na unyevu, na nyuma yao mtu alikuwa akifunga ukumbi na kuzima taa moja baada ya nyingine. Kwenye nguzo ya pili ya taa Shangazi alipunguza mwendo.

"Amekwenda?" aliuliza.

"Sijui. Sikuwa nasikiliza," fundi alisema. "Nilikuwa nafunga vifungo."

Shangazi alisimama chini ya taa, akalitazama koti lake toka shingoni mpaka magotini, kwa jicho la kazi.

"Umeruka kimoja. Upande mmoja umeshuka wote."

Fundi akainama kufungua aanze upya. Shangazi akaukamata mkono wake hapohapo kwenye kitambaa, akaushikilia.

"Kiache," alisema.