Aliyeiba Breki ya Injini

Jumatano, saa mbili kasorobo asubuhi, lori la Mama Lukresia lilikutwa limesimama chini ya mteremko wa Manyara, karibu na kuingia Mto wa Mbu. Ngoma za breki zilikuwa zinafuka moshi. Vitunguu vya Mang'ola vilikuwa salama juu, na dereva, Remigius, alikuwa amekaa kwenye jiwe pembeni ya barabara akinywa maji.

Ilikuwa mara ya tatu ndani ya siku kumi. Breki ya injini, ile inayoibana injini ili lori lishuke taratibu bila kuunguza breki za magurudumu, ilikuwa imegoma tena.

Mzigo ukahamishiwa gari lingine, na saa sita mchana lori tupu likawa limepandishwa kwenye gereji ya Dickson, Karatu. Vijana wa gereji walilitoa kwanza zulia jekundu la kebini na kulianika juu ya ua wa gereji, maana Mama Lukresia hana mzaha na grisi. Kisha mwenye lori akakaza kitenge kiunoni na kutoa hukumu kabla ya kesi.

"Breki yangu imeibwa! Kuna mtu kaichezea. Nikimjua, atashuka kwenye lori langu na kurudi kwake kwa miguu, watu wakiona. Na wewe Remigius, ikifika saa kumi bila jibu, ufunguo nampa Inosenti."

Remigius alitazama chini. Miaka kumi na tisa ya usukani, watoto wanne shuleni, na kazi ilikuwa imebakiza saa nne.

Aliyeitwa kutegua kitendawili hicho ni Nashipai, fundi umeme wa magari, mzaliwa wa Enguserosambu, umasaini. Kwao wanachunga ng'ombe. Yeye anachunga malori, na husema malori ni afadhali kwa sababu hayaingii shamba la mtu. Alifika saa saba na robo na kompyuta yake ya kupimia, akaichomeka chini ya usukani, akaanza na Dickson.

"Fundi, umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, dada! Nimepima tu, mara mbili. Waya ziko sawa. Inosenti akalijaribu pale mteremko wa Rhotia, breki ikanguruma mpaka mbuzi wakakimbia."

Inosenti, dereva wa akiba, kijana mwenye miwani ya jua ya bei kubwa kuliko mshahara wake, alitabasamu. "Kwangu inafanya kazi. Labda kaka Remi anasahau kuvuta kijiti cha breki hiyo."

"Na wewe unalitaka lori hili?"

"Nani asiyelitaka? Gia zinajibadilisha zenyewe! Lakini kulitaka si kuliharibu, dada."

Nashipai akamgeukia Remigius. "Kaka, nieleze. Ukiachia mafuta na kuvuta kijiti, lori linafanyaje?"

"Halitulii. Ni kama bado linataka kwenda. Zamani gia ilikuwa inashuka yenyewe, injini inanguruma, natelemka kama mfalme. Sasa kimya. Nabaki na breki za miguu tu."

Nashipai alisoma kioo cha kompyuta, kisha akawaita wote.

"Waya ukikatwa, lori linaandika kosa. Humu hamna kosa hata moja. Kwa hiyo Dickson hakukata kitu, wala Inosenti."

"Basi ni Remigius!" Mama Lukresia alisema.

"Subiri, yeyo." Aliposema neno hilo la Kimaasai, yaani mama, sauti ya Mama Lukresia ilishuka kidogo. "Lori halijaharibika. Linatii amri. Nataka kujua nani anayeliamuru. Tatizo lilianza lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita. Siku moja baada ya Padri kulibariki."

"Labda baraka haikukolea," Inosenti alinong'ona, gereji ikacheka, na Mama Lukresia akamkata jicho.

"Jumapili hiyo kuna kilichobadilishwa?"

"Hakuna. Tuliliosha tu, tukalipamba."

Nashipai alilitazama zulia lililoanikwa juu ya ua. "Hilo zulia, hutolewa kila fundi akiingia?"

"Kila mara! Nani atakubali mlikanyage na viatu vyenu?"

"Na Inosenti alipolijaribu Rhotia?"

"Lilikuwa hapo hapo juu ya ua," Dickson alijibu.

Nashipai akafunga begi lake. "Lirudisheni. Twende Rhotia sote, na yeyo akae mbele."

Saa tisa na dakika ishirini walianza kutelemka, mwendo mdogo. Remigius aliachia mafuta, akavuta kijiti. Kimya.

"Mguu wako uko wapi, kaka?"

"Pembeni kabisa. Tazama."

"Lakini kompyuta inasema pedeli ya mafuta imekanyagwa asilimia nne."

Akainama, akashika ncha ya zulia na kuivuta nyuma. Namba ikawa sifuri. Gia ikashuka yenyewe, injini ikanguruma, na Mama Lukresia akashika dashibodi kwa mikono miwili.

Remigius alisimamisha lori pembeni. Alikuwa anacheka na macho yamemlowa.

"Zulia limezidi urefu," Nashipai alieleza. "Kwenye mteremko kisigino cha dereva kinalisukuma mbele, ncha inapanda juu ya pedeli na kuigandamiza. Lori linadhani unataka mwendo, na likiombwa mwendo haliwezi kufunga breki ya injini. Kila fundi akija, mhalifu anatolewa nje kwa heshima zote. Sasa, nani alilikata?"

Mama Lukresia aliinama, akaishika ncha ya zulia iliyokatwa.

"Mimi," alisema. "Kwa mkasi wangu. Biashara hii ya vitunguu niliianza kwa kuvibeba kichwani, Nashipai. Nilitaka Padri akipanda akute sakafu kama ya kanisani, nikaacha ziada ili pasionekane chuma. Remigius, nimekutukana mbele ya watu, na ningeweza kukuua. Nisamehe, mwanangu."

"Yameisha, mama."

"Bado." Akafungua mlango, akashuka, akalivuta zulia na kulitupia begani. "Nilisema mhalifu atarudi kwa miguu."

Akaanza kutembea kuteremka Rhotia, watu wakitoka madukani kumshangaa. Remigius aliweka gia ndogo, akavuta kijiti, na lori likamfuata taratibu ubavuni huku likinguruma, miguu yote miwili ya dereva ikiwa sakafuni.

"Mama, panda bwana!"

"Sipandi! Na wewe kesho, saa kumi na moja alfajiri, uwe Mang'ola unapakia. Ukichelewa nitakufukuza kweli."