Mahindi ya Catarina

Zuleica alikuwa fundi wa ng'onda. Pale kijijini kwao, katika rasi ya Afungi, hakuna aliyebisha. Mumewe Momade alivua. Zuleica akapasua samaki, akawatia chumvi, akawaanika juu ya chanja. Nyumba ikala, watoto wakasoma.

Ng'onda zake zilikwenda Mbau, kijiji cha bara, kwa Catarina. Huyo alikuwa Mmakonde, Mkristo, mwenye mdomo mkali na moyo mweupe. Aliziuza sokoni, na kila baada ya mavuno alimrudishia Zuleica mahindi na kunde. Familia zao zilikuwa na utani tangu enzi za bibi zao.

"Samaki gani hawa? Wamekonda kama weye!" Catarina alizoea kusema.

"Kula tu! Weye bahari umeiona lini?" Zuleica hujibu, na wote wawili hucheka mpaka wakakaa chini.

Kisha ikaja habari ya gesi. Ilipogunduliwa baharini, kambi ya wapimaji ikafunguliwa karibu na kijiji. Wageni wale walitaka samaki wabichi kila siku. Wakati huohuo Tarique, mtoto wa kwanza wa Zuleica, alirudi kutoka Pemba, mji mkuu wa jimbo lao. Alikuwa amesomea usimamizi wa biashara. Wenyewe wasomi husema gestão. Mama yake alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Na kwa nini asipige?

Tarique hakuwa mtoto mbaya, jamani, msimlaani. Alitaka mama yake apumzike.

"Mama, ng'onda ni kazi nyingi na faida kidogo," alisema. "Kambi inachukua samaki wote. Kwa nini tuhangaike na Mbau?"

"Na Catarina je?"

"Catarina anachukua leo, analeta mahindi baada ya miezi. Hiyo si biashara. Shuleni tulifundishwa kuwa mnunuzi mmoja mkubwa anashinda wadogo wengi."

Momade akakohoa. "Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema.

"Baba, hayo ni ya zamani."

Zuleica alijua moyoni kwamba jambo lile si sawa. Lakini msomi alikuwa mwanawe, si yeye. Akakubali. Chanja zikabomolewa, miti yake ikawa kuni. Mbau hakupeleka samaki, wala hakupeleka salamu. Aliona haya.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Kisha wapimaji wakamaliza kazi yao. Asubuhi moja mahema yakafungwa, magari yakaondoka. Hakuna aliyekumbuka kumuaga muuza samaki. Siku hiyo Momade alirudi na changu tele. Barafu hapana, chanja hapana, na mvua zilikuwa zimeanza. Samaki wote wakaoza, wakafukiwa mchangani.

Mvua zile zilikuwa za njaa. Miaka yote, mahindi ya Catarina ndiyo yaliyowavusha miezi hiyo. Safari hii ghala lilikuwa tupu.

"Twende Mbau," Zuleica alimwambia Tarique. "Nikamwombe radhi mtani wangu."

Walimkuta Cleide, binti wa Catarina, mlangoni. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Zuleica akaelewa kabla hajaambiwa.

"Mama ametutoka, mama mdogo," Cleide alisema. "Ni homa. Tulimzika kabla ya mvua. Zamani habari zilikwenda na yule anayeleta ng'onda. Safari hii hatukupata wa kumtuma."

Maskini Zuleica! Kwa desturi yao, mtani hufika msibani akawachekesha wafiwa, wasizame katika huzuni. Msiba wa Catarina ulipita bila mtani.

Cleide akawaingiza ndani. Kwenye kona palikuwa na magunia ya mahindi.

"Haya ni yako. Mama aliyatenga baada ya mavuno. Tukamwambia, mwenzako amekutupa. Akasema, 'Mvivu yule chanja zake zimevunjika tu. Atakuja, tena na njaa yake.'"

Zuleica akayaangukia magunia, akalia kwa sauti. Tarique alisimama pale hana pa kutazama. Walipopelekwa kaburini, Zuleica alitaka kutania kama ilivyo ada. Mdomo ukakataa.

Mvua zilipopungua, mwalimu Benvinda alifika kijijini. Yeye ndiye aliyemfundisha Tarique kule Pemba, na alikuwa akiwatembelea wanafunzi wake wa zamani. Tarique alimweleza yote.

"Ulifuata nilichokufundisha?"

"Chote, mwalimu."

Benvinda akainama. "Basi kosa ni letu sote. Ukimtegemea mnunuzi mmoja, siku akiondoka anaondoka na chakula chako. Uza kwa wengi, wabichi na wakavu. Na kabla hujaacha njia ya zamani, uliza ilikuwa na kazi gani. Mama yako na Catarina walikuwa na akiba ya kuvukia njaa, njia ya kupelekeana habari, na kuaminiana. Vitabu vyetu vimeandikwa kwa viwanda vya mbali. Havikuliona hilo, na mimi sikuuliza."

"Basi shule ya nini?" Zuleica aliuliza kwa uchungu.

"Shule bado ina kazi, mama. Kampuni kubwa zinakuja, na asiyejua kusoma mkataba ataliwa. Lakini shule ya kesho lazima ianzie sokoni. Mwanafunzi awasikilize kwanza wanaofanya biashara, ndipo afungue kitabu."

Mwalimu hakusema tu. Mwaka uliofuata aliwaleta wanafunzi wake soko la Mbau, na aliyewapokea ni Cleide. Tarique naye alijenga chanja mpya kwa mikono yake. Samaki wabichi wakaenda Palma mjini, ng'onda zikaenda Mbau kwa Cleide. Mahindi yakarudi. Mvua zilizofuata, nyumba ile haikulala njaa.

Mzigo wa kwanza wa ng'onda mpya Zuleica aliupeleka Mbau mwenyewe. Kabla ya kufika sokoni alipita kaburini, Cleide na Tarique nyuma yake.

"Weye Catarina!" aliita. "Amka, mvivu! Umelala, na samaki wamefika. Watazame walivyonona, hawajakonda kama weye!"

Cleide akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini, kama mama yake. Kisha wakalia wote watatu, na msiba wa Catarina ukaisha siku ile.